Radler Wangu

Simu yangu ilinisaliti watu wakiwa wamefumba macho.

Tonton Herménégilde, mjomba wetu wa ukimbizini, alikuwa amesimama anaombea chakula. Alimshukuru Mungu kwa jua la mwezi wa tano, kwa metro iliyowafikisha kwetu Bredäng, hapa Stockholm, bila kuharibika njiani, kwa mikono ya Mama iliyopika, na kwa "hawa watoto wetu wawili". Watoto wenyewe ni mimi, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, na mpwa wake Vénant, mwenye thelathini na nne na upara unaoanza. Sikumbuki siku niliyokubali kuwa mmoja wa wawili hao. Nilikuwa nimebanwa kwenye kona ya sofa, ukuta huku, Mama kule, na mbele yangu meza imejaa sombe, ndizi, wali na sambusa, kiasi kwamba nikitaka kutoka ilibidi watu wote wasimame.

Simu ilikuwa mezani pembeni ya sambusa. Ikatetemeka, ikawaka, na kalenda ikaandika kwa herufi kubwa: *Radler wangu. Slussen. Jioni.*

Nikaigeuza haraka, lakini nilikuwa nimechelewa. Vénant naye alikuwa haombi.

Hapa lazima nieleze, la sivyo mtanihukumu kabla ya kunisikia. Jioni ile, kule Slussen, katikati ya mji, alikuwa ananisubiri mwanamume ninayempenda. Anaitwa Cyprian. Kesho yake asubuhi angepanda treni kwenda Munich, alikopata kazi mpya, na alikuwa ameniambia bila kuzunguka: "Njoo unipe jibu, Aurore. Kama unanitaka, nitakusubiri hata mwaka. Lakini nimechoka kufichwa kama soksi iliyotoboka. Usipokuja nitajua ni hapana, na sitakusumbua tena." Ninamjua, angetimiza. Nami nilikuwa nimeketi Bredäng, nasikiliza sala ya kunikabidhi kwa mtu mwingine.

Kwa Vénant sikuwahi kusema ndiyo. Hapana pia sikuwahi kuisema, na kwa Mama ukimya huo ulitosha kununua vitenge vya sare. Siku hiyo walikuja kupanga tarehe ya kutoa posa.

"Amina," tukaitikia.

"Radler!" Vénant akasema kwa furaha, kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. "Kumbe Aurore nawe unaijuaga?"

Vénant ni dereva wa malori ya mizigo. Wiki hii yuko Ujerumani, wiki ijayo yuko Ujerumani. Kati ya maneno yote ya dunia hii, nilikuwa nimejificha nyuma ya moja analolijua yeye.

"Ni kitu gani hiyo?" Tonton akauliza, akikaa.

"Ni kinywaji," nikasema. Mdomo ulinitangulia. "Kinywaji tu, Tonton."

"Ni bia," Vénant akaongeza. Mungu amsamehe, alidhani ananisaidia. "Lakini si bia bia, Tonton. Wanachanganya na limonadi, nusu kwa nusu. Nikifika Hamburg wanaiitaga Alster. Ukishuka kule kusini inakuwa Radler. Kitu ni ile ile."

Hakuna aliyegusa kijiko. Kanisani kwetu bia haina nusu. Mtu akionekana na kopo mkononi, Jumapili inayofuata anaombewa mbele za watu akiwa amepiga magoti, na kwaya inamwimbia kwa huruma ya kuudhi.

"Aurore," Mama akasema polepole. "Unakwenda kunywa bia Jumapili?"

Kana kwamba Jumanne ingekuwa nafuu.

"Men mamma, snälla..." nikaanza kumsihi. Nikibanwa huwa nakimbilia Kiswidi.

"Usiniletee Kiswidi mbele ya wageni." Akanyoosha mkono, akaichukua simu, akaisokomeza kiunoni ndani ya kitenge chake. "Leo hutoki. Kuleni, jamani. Chakula kinapoa."

Nikabaki na sahani yangu. Chini yetu, ng'ambo ya maegesho, metro ilipita kuelekea mjini. Tonton alianza kusimulia juu ya kijana mmoja wa kwao Bujumbura ambaye naye alianza na kidogo kidogo, cha limonadi limonadi. Niliitikia kwa kichwa. Sikusikia hata nusu yake. Nilikuwa nahesabu watu kati yangu na mlango, na kila nikihesabu walikuwa wale wale.

* * *

Cyprian nilimkuta akiwa amefunua mdomo.

Mimi ni muuguzi wa meno kwenye kliniki moja Farsta. Siku hiyo aliletwa mwanamume mrefu, jino la mbele limevunjika nusu, suruali imechanika gotini. Daktari alipomchoma ganzi, akaguna kwa Kiswahili, "Mama yangu we!" Nikamwinamia, nikamwambia, "Pole, kaka." Macho yakamtoka. Kwa mdomo uliokufa ganzi akajaribu kuniuliza natoka wapi, mate yakamchuruzika hadi shingoni, nami nikamfuta. Sijui wengine hupendana vipi. Sisi tulianzia hapo.

Ni Mtanzania, mhandisi pale Kista, anaishi Akalla. Alisomea Munich kabla ya kuja Sweden, na popote anakwenda kwa baiskeli, mvua au theluji. Ndiyo sababu ya jino.

Mara ya kwanza tulipoketi pamoja nje ya mgahawa kando ya maji, jua likiwa linakataa kuzama kama kawaida yake huku, aliagiza Radler mbili, yangu isiyo na kilevi.

"Neno gani hili?" nilimuuliza, nikiizungusha chupa.

"Mwendesha baiskeli."

"Nakuuliza kinywaji, wewe unajisifu."

"Nakujibu ulichouliza. *Rad* ni gurudumu, na ni baiskeli pia. *Radeln* ni kuiendesha hiyo baiskeli. *Radler* ni mwenye kuiendesha. Zamani waliita *Radlermaß*, yaani jagi la lita moja la mwendesha baiskeli. Wakaona refu, wakakata mkia, kikabaki kichwa."

"Na baiskeli inahusiana nini na bia?"

"Munich wana hadithi yao. Wanasema mwenye baa mmoja nje ya mji alivamiwa na waendesha baiskeli maelfu, siku moja ya jua kali. Akaona bia itaisha. Akamiminia limonadi ndani, akawaambia, hii nimewatengenezea ninyi makusudi, msije mkaanguka njiani."

"Mjanja huyo!"

"Sana. Ila neno lenyewe lilikuwa limeshaandikwa miaka kadhaa kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo huenda mjanja ni aliyetunga hadithi."

Nilicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Cyprian huwa hafanyi mzaha na neno, analifungua kama fundi saa, na nilipenda kuangalia vidole vyake wakati anaeleza.

"Sasa Mjerumani akisema Radler, nitajuaje ni mtu au ni bia?"

"Sikiliza kinachotangulia. *Der Radler* ni mtu. *Das Radler* ni kinywaji. Ila wapo wanaosema *der* hata kwa kinywaji, na kwenye wingi ndiyo basi kabisa, wote ni *die Radler*, watu na chupa zao."

"Maskini. Lugha gani haimtofautishi mtu na chupa?"

"Yako," akasema.

"Yangu?"

"Juzi nilikusikia kwenye simu. Ulisema mimi ni 'mugonjwa yangu'."

"Si ndivyo? Simu yangu, mugonjwa yangu, bwana yangu. Sisi hatuna shida na mtu."

"Kwetu chupa ni yangu. Mtu ni wangu."

"Mbona mnasema *rafiki yangu*? Rafiki kwenu si mtu?"

Akakwama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekwama, na ule mwanya wa jino ukaonekana, maana daktari alikuwa bado hajamaliza kazi yake. Akanitazama kwa muda, si kama mtu anayetafuta jibu la sarufi.

"Rafiki tumemzoea hivyo," akasema kwa sauti ya chini. "Rafiki *yangu*. Mpenzi *wangu*. Chagua mwenyewe."

Niliangalia maji. Niliangalia chupa. 

"Radler wangu," nikasema.

Toka siku hiyo, kwenye kalenda ya simu yangu hakuna Cyprian. Kuna Radler wangu. Nyumbani kwetu hakuna anayejua Kijerumani, na hata mtu akiliona, nitasema ni jina la mazoezi ya baiskeli. Nilijiona nina akili sana.

* * *

"Njoo unisaidie glasi," Mama akasema.

Wageni walikuwa kwenye sahani ya pili. Wote wakasimama, meza ikasogezwa, nikapita. Jiko letu ni jembamba, watu wawili hawageuki kwa wakati mmoja. Mama akafunga mlango, akafungua maji ya bomba kwa nguvu ili tusisikike.

"Radler *wangu*," akasema.

"Mama, naomba radhi. Ni kinywaji chepesi, hata..."

"Nyamaza. Toka lini wewe unasema *wangu*?"

Nikaegemea mlango.

"Katika nyumba hii tunasema *yangu*. Mtoto yangu, bwana yangu, bibi yangu. Watu wetu wanasema hivyo na mimi nimewarudia. Lakini sijasahau, Aurore. Nimekaa kambi ya wakimbizi kule Kasulu, nimeuza nyanya sokoni kwa Watanzania. Kila nikisema 'mtoto yangu' walinicheka, nikajifunza. Hiyo *wangu* najua inatoka wapi." Alikuwa anasugua glasi ambayo ilikuwa safi. "Na kitu kingine. Mtanzania bia anaiita bia *yangu*. Hawezi kuiita bia *wangu* hata awe amelewa chakari. Huyo ni mtu. Ni nani?"

Siku nyingine ningecheka. Nilishika ukingo wa sinki.

"Anaitwa Cyprian."

"Anasali wapi?"

"Ni Mkatoliki."

"Anakunywa?"

"Radler, Mama."

Hakucheka. "Unampenda?"

Mama hajawahi kuniuliza swali hilo kuhusu mtu yeyote. Kuhusu Vénant aliniuliza kama nimemwona anavyoheshimu wakubwa.

"Nampenda mpaka naumwa," nikasema, na machozi yakaja bila hodi. "Kesho anaondoka. Ananisubiri Slussen. Nisipofika atajua nimemkataa. Nipe simu, Mama. Nimwambie tu nimezuiwa, hata neno moja."

"Hapana."

"Mama!"

"Nisikilize. Tulipokuja nchi hii, ulikuwa na kikohozi kile cha kutapika. Herménégilde alitupa chumba chake. Chumba chake, Aurore. Akalala sebuleni kwenye mito ya viti msimu wote wa baridi, na asubuhi anakwenda kuzoa theluji. Hakuwa ndugu yangu. Akawa. Nilimwambia, kaka, mwanangu ni mwanao. Leo nimweleze nini? Kwamba huyo mwanao amempata wake kwenye kiti cha meno?"

"Nani alikwambia kiti cha meno?"

"Nimekisia. Wewe utakutana na watu wapi kwingine?" Akafunga bomba, kisha akalifungua tena. "Sasa. Bia inasameheka. Mtu hasameheki. Utarudi pale, utaomba msamaha kwa ajili ya bia. Vénant ameshaanza kukusamehe, nimemwona. Tutaomba, tutapanga tarehe, na huyo wa Slussen sijamsikia."

"Niombe msamaha kwa kitu ambacho sijafanya, ili nifiche nilichofanya?"

"Ndiyo," Mama akasema. "Mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote. Hakijanivunja kitu."

Lakini glasi ile safi alikuwa ameanza kuisugua upya. Niliona, naye akaona kwamba nimeona. Akanipangusa uso kwa kitambaa cha vyombo, kwa nguvu, kama ninavyopanguswa tangu nikiwa na miaka minne, akafungua mlango.

* * *

Wakasimama tena wote. Nikapita tena. Nikakaa tena kwenye kona yangu, ukuta huku, Mama kule.

"Aurore," Vénant akaanza, akikunja leso ya karatasi. "Mimi kwangu haina shida. Huko njiani nami ninaionjaga, Tonton anisamehe. Tukishaoana, tutaacha pamoja. Mbili ni rahisi kuliko mmoja."

Angekuwa mbaya, ningefurahi. Mtu mbaya unamkataa unalala usingizi. Huyu alikuwa ananitazama kwa upole wa kweli, na kila neno lake jema lilikuwa linanisogeza ukutani zaidi.

"Umesema vizuri, mtoto yangu," Tonton akamwambia. Kisha akanigeukia. Ana sauti nene, ya mtu aliyezoea kuongoza kwaya ya wanaume. "Aurore, mimi nilikubeba mgongoni. Hospitali ya kwanza ulienda mgongoni yangu. Sitaki magoti, sitaki kanisani. Hii maneno itabaki ndani ya nyumba. Sema tu mbele yetu, kwa mdomo yako: Radler nimeiacha. Basi. Tunafunga kwa sala, tunapanga tarehe, tunamalizia hii sambusa."

Wote wakaniangalia. Ilikuwa rahisi sana, ndicho kilichonitisha. Maneno mawili tu, na kila mtu pale angenipenda kuliko jana.

Nikamtazama Mama. Alikuwa anatazama mikono yake. Dirishani jua lilikuwa limeshuka, limefika kwenye misonobari ile ya nyuma ya shule, na nilijua Cyprian ameshafunga baiskeli mahali fulani pale Slussen, anatazama kila mtu anayepanda ngazi kutoka metro. Nilimwona anavyonyoosha shingo. Nilimwona anavyoishusha.

"Tonton," nikasema. "Radler siwezi kumwacha."

Kwanza hakuna aliyeshtuka. Neno lilikuwa limepita kama maneno mengine. Kisha Vénant akaacha kukunja leso.

"Kuiacha," Tonton akanirekebisha, akitabasamu. "Umesema *kumwacha*. Unataka kusema huwezi *kuiacha*, ni ngumu. Tunaelewa. Pombe ni ngumu."

Nikasogeza sahani pembeni.

"Ni hii Kiswahili yetu," akaendelea, akimgeukia Vénant, na kicheko chake kilikuwa kinamwomba mtu acheke naye. "Tunachanganyaga kila kitu. Mtu, chupa, mbuzi, yote tunaweka mahali moja. Hebu sema tena, Aurore. Sema polepole. *Kuiacha*."

Walikuwa wamenifungulia mlango mwingine, na huo ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Nilichotakiwa kufanya ni kucheka na kusema, lo, nimekosea. Katika sebule ile, nani hajakosea Kiswahili? Hakuna ambaye angeniuliza tena mpaka nife.

"Sikukosea, Tonton," nikasema. 

"Umekosea, mtoto yangu. Mama Aurore!" Akamgeukia Mama, na sasa hakuwa anacheka. "Wewe ndiye mwalimu hapa. Wewe uliishi Tanzania, unajua kile safi. Mrekebishe mtoto. Mwambie inasemwaje."

Mama hakuinua kichwa. Nilisikia pumzi yake pembeni yangu. Nilijua atakachosema, alikuwa ameshaniambia jikoni, na sikuwa na haki ya kumkasirikia. Nilifumba macho.

"Hajakosea, kaka," Mama akasema.

"Nini?"

"Kwa kitu inasemwa *kuiacha*. Kwa mtu ni *kumwacha*. Mtoto amesema sawasawa." Akainua uso. "Ni mtu. Nimejua sasa hivi jikoni. Nilimwambia adanganye, na alitaka kunitii, nilimwona. Ameshindwa."

Tonton Herménégilde aliirudisha sambusa yake kwenye sahani. Nimewahi kumwona akilia kwenye misiba, lakini sijawahi kuona uso wake ukiwa vile, umezeeka palepale mezani.

"Uliniambia mtoto yako ni yangu," akasema.

"Nilikwambia. Niliahidi kwa mdomo ambao si wangu, kaka. Nisamehe."

Vénant alisimama wa kwanza. Akachukua koti lake kwenye kiti, akatafuta mkono wa koti, akaukosa, akautafuta tena.

"Anajua kama mimi niko?" akaniuliza.

"Anajua."

"Basi mimi peke yangu ndiyo nilikuwa sijui." Hakusema kwa hasira. "Ungeniambia, Aurore. Njia yote kutoka Malmö nilikuwa napiga mahesabu ya viti vya ukumbi." Akafika mlangoni, akageuka. "Kwenye harusi yenu msinialike. Siko mtu mzuri kiasi hicho."

"Kaka, chakula," Mama akamwambia Tonton, akimfuata kwenye korido. "Ngoja niwafungie hata kidogo. Usiondoke hivi."

"Tumeshiba, Mama Aurore," akasema. Akavaa viatu vyake akiwa ameegemea ukuta, na hakuruhusu mtu amshike. Mlango ukafungwa taratibu. Angeubamiza, nisingeumia hivyo.

* * *

Mama alirudi sebuleni, akaanza kukusanya sahani. Alizipanga moja juu ya nyingine mpaka zikawa nyingi, kisha akaziweka chini, akakaa, akajifunika uso kwa upindo wa kitenge. Mabega yalimtikisika. Nikapiga magoti pembeni yake.

"Asante, Mama."

"Usinishukuru!" Akanisukuma bega. "Sijakubali kitu mimi. Nimempoteza ndugu yangu leo, unaelewa? Nimempoteza kwa sababu nimeshindwa kumrekebisha mtu aliyesema sawa. Basi. Usidhani kuna kingine."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe nikitaka. Leo sitaki."

Nikaangalia dirisha. Jua halikuwepo tena kwenye misonobari. Kutoka Bredäng hadi Slussen si mbali, lakini metro ya Jumapili inajivuta, na Cyprian si mtu wa kusubiri mpaka usiku. Nilisimama. Sikuwa na simu, viatu sikujua viko wapi, na miguu ilikuwa inaniambia kimbia. Mbele yangu alikuwa mama yangu, peke yake, katikati ya chakula cha watu ambao hawakula. Sikuweza kutoka. Hakuna aliyenizuia sasa, na bado sikuweza.

"Nenda basi," akasema bila kunitazama.

"Nikuache hivi?"

"Si umesema kuna mtu huwezi kumwacha?"

"Na wewe pia siwezi," nikasema, nikaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtoto kabisa, nimesimama na soksi katikati ya sebule.

 Mama akapapasa kiunoni, akatoa simu, akanipa.

"Fungua."

Nikafungua. Nilidhani ananirudishia. Akaninyang'anya tena.

"Yuko wapi humu?"

Nikamwonyesha namba. Akabonyeza, akaweka sikioni. Ikaita. Ikaita sana. Nilikuwa najiambia ameshaondoka, ameshapanda baiskeli yake kurudi Akalla kufunga mabegi, upepo unavuma, hasikii. Ikaita tena. Mama akakunja uso.

"Haloo," akasema. "Hapana, si Aurore. Ni mama yake."

Niliuma kidole changu.

"Wewe ndiye Radler?... Nimeuliza wewe ndiye au siye... Haya. Nyamaza sasa unisikilize. Aurore haji Slussen." Akaninyooshea kiganja, nisisogee. "Nimesema unisikilize, kijana. Mtoto wangu hachukuliwi kwenye ngazi za metro kama kifurushi cha posta. Una watu wewe hapa Stockholm? Una mjomba, una padri, mtu mzima yeyote wa kukusemea?... Sikuuliza kuhusu treni. Treni ya kesho itaondoka na wengine. Kama wewe ni mtu, uje na watu. Uje hapa nyumbani, ugonge mlango, tukuone sura. Kama huwezi, basi panda hiyo treni yako, na hii namba uifute."

Kisha akabana simu sikioni. Alikuwa anasikiliza. Upande wa pili sikusikia kitu, hata kikohozi. Nilimtazama usoni nikitafuta dalili yoyote, na uso wa Mama ulikuwa umefungwa kama duka siku ya sikukuu.

Akaifunika simu kwa kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu, na bado alikuwa amekasirika.

"Anauliza aje saa ngapi," akasema.